Gongo la Cletus na Mtungi wa Kabichi

Orval Steinkamp alipeleka barua mjini Haubner, kusini mwa Indiana, kwa miaka thelathini na mmoja, na hapakuwa na dari mjini pale ambalo hakujua lina nini. Hakuwa mdaku. Alisimama tu mlangoni akipangusa jasho, na watu wakamwambia wenyewe: baba kaacha saa mbovu, mjomba kaacha viatu vya jeshi, shangazi kaacha barua za mwanamume asiyejulikana na mtu. Orval alitikisa kichwa kwa adabu, kisha akauliza swali lake moja: "Na gongo je, halikuachwa?"

Si gongo la kunywa. Ni gongo la besiboli, tena la zamani, tena liwe limechezewa mechi ya kweli. Gongo jipya linalong'aa halikumgusa moyo hata kidogo. Alitaka lililopigana: lenye alama za nyuzi za mpira zilizojichora kwenye mti, lami ya msonobari ya kuzuia mikono kuteleza, iliyoganda mpinini, ufa uliopigwa misumari midogo na mchezaji asiye na pesa ya kununua jingine. Alikuwa nayo hamsini na manne chumbani chini ya nyumba, yamelazwa kwenye rafu kama watoto wa bweni. Aliyafuta kwa kitambaa kikavu, na maji yalikuwa mwiko.

Mkewe, Imelda, aliyavumilia kama mtu anavyovumilia wakwe.

"Siku moja nitakuzika nayo haya," alimwambia.

"Usiyazike, mama. Yataoza."

Katika yote hayo hamsini na manne, moja lilikosekana. Orval alipokuwa na miaka kumi na miwili, timu ya mji, iliyoitwa Maseremala, ilikuwa na mpigaji aitwaye Cletus Uebelhor, jezi namba kumi na nne. Jumapili moja Cletus aliupiga mpira ukavuka uzio, ukavuka barabara, ukaingia shamba la mahindi, na watu waliutafuta mpaka ng'ombe wakaanza kulia kutaka kukamuliwa. Baadaye Cletus aliacha mchezo, akafanya kazi kiwanda cha viti hadi alipofariki mwaka 1979. Gongo lake hakuna aliyejua lilikokwenda. Mjane wake, Bi Rosina, alikuwa njiani mwa Orval kila siku, na kila alipoulizwa alijibu kwamba magongo hayamhusu.

Mwaka 1987, mwezi wa Oktoba, lilikuja furushi lisiloingia sandukuni kwa Bi Rosina. Orval akazunguka nyuma kwenye mlango wa jikoni. Ndani akasikia kishindo: pu, pu, pu. Akachungulia. Bi Rosina, mikono ya gauni kaikunja hadi viwikoni, alikuwa akitwanga kabichi ya kuchachusha ndani ya mtungi mkubwa wa udongo. Alichoshika kilikuwa kimegeuzwa kichwa chini, na kwenye kitako cha mpini, juu, palionekana namba iliyochorwa kwa rangi nyekundu.

Orval akausukuma mlango.

"Bi Rosina, hicho unachotwangia ni nini?"

"Mchi. Hujapata kuona mchi?"

"Huo mchi una namba kumi na nne."

"Basi kuna mingine kumi na mitatu mahali fulani. Furushi langu liko wapi?"

Alimweleza, akamsihi, akaahidi bei ambayo Imelda asingependa kuisikia. Bi Rosina aliendelea kutwanga. Kabichi haikuwa imemalizika, alisema, na mtu hauzi mchi katikati ya kabichi. Juma lililofuata Orval alimletea mchi mpya, ameuagiza kwa fundi wa kukereza mbao, mti wa kupendeza, umelainishwa kama yai. Bi Rosina akaujaribu mara tatu.

"Huu kichwa chake kizito," akasema, akautumia kuzuia mlango usijifunge.

"Bi Rosina, unaliua lile gongo. Maji na chumvi, miaka yote hii!"

"Miaka thelathini na sita. Bado halijafa." Akamtazama toka kofia hadi viatu. "Ukilihurumia sana, vua koti uje ulitwangie wewe. Bega langu linaniuma."

Basi Orval akavua koti la posta. Hivyo ndivyo mtu aliyekataza hata kitambaa chenye unyevunyevu alivyojikuta akilichovya gongo la Cletus Uebelhor kwenye kabichi na chumvi, pu, pu, pu, akijisikia kama padri anayepigia viatu rangi kwa kitambaa cha altare. Akasema ni mara moja tu. Akaenda vuli nane.

Alijifunza kutandaza kabichi kidogo kidogo, kunyunyiza chumvi, kutwanga hadi maji yapande yenyewe. Na kati ya tabaka na tabaka, Bi Rosina alikaa kwenye kiti kilichotengenezwa na mumewe, akizungumza. Mwaka wa kwanza alizungumzia mvua na bei ya kabichi. Mwaka wa tatu Orval alimwonyesha alama za mipira: zote zimekusanyika mahali pamoja, padogo kama kiganja cha mtoto, juu kidogo ya pale chumvi ilipoishia.

"Unaona? Wengine hutapanya alama gongo zima. Yeye alipiga hapa hapa."

Bi Rosina akapagusa kwa kidole. "Hata nyundo alipiga hivyo hivyo. Hakuwahi kuniharibia ukuta."

Mwaka wa tano ndipo Orval alipouliza lile ambalo mji mzima ulidhani unalijua. Mwaka 1951 Cletus aliitwa na timu kubwa zaidi huko Texas, na baada ya wiki tatu akarudi. Haubner nzima ilisema amerudi kwa sababu ya mapenzi, hakuweza kukaa mbali na Rosina wake. Hata harusini padri alilitaja.

Bi Rosina alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mapenzi? Alirudi kwa sababu mpira wa kupinda hewani ulimshinda! Hapa kwetu nani alikuwa anajua kuupindisha? Kule wote waliujua. Wiki tatu hakugusa kitu. Alishuka kwenye treni uso umemvimba kwa kulia."

"Na watu wakasema..."

"Wakasema ni kwa ajili yangu. Nami nikawaacha waseme. Ungekuwa wewe ungewasahihisha?" Akafuta macho kwa aproni. "Vuli hiyo mama yangu alikuwa anatwanga kwa kipande cha kuni. Cletus akaenda akaleta gongo lake, akaliingiza mtungini mwenyewe. Akasema, 'Angalau kabichi haipindi.' Ndiyo siku niliyosema nitaolewa naye. Kwa hiyo nawe usiniambie naliharibu."

Orval hakumwambia tena. Alirudi nyumbani amechelewa chakula, akamsimulia Imelda yote, na Imelda, aliyekuwa amekasirika, akaketi akasikiliza hadi viazi vikapoa.

Mwaka 1995 Bi Rosina alitimiza miaka sabini na mbili, ngazi zikamshinda, na binti yake akaja kumchukua akaishi naye Evansville. Siku ya kufunga mizigo alimwita Orval jikoni. Mtungi ulikuwa mezani, na gongo limesimama ndani yake.

"Chukua vyote viwili. Havitenganishwi. Kila Oktoba utwange, uniletee. Ukilitundika tu ukutani kama kichwa cha paa, nitajua."

"Utajuaje, Bi Rosina?"

"Nitaona sijaletewa kabichi, mpumbavu wewe."

Msimu uliofuata Orval alilipeleka Louisville, kwenye mkutano wa wakusanyaji, akamwonyesha Thurman Pell, mtu anayeheshimiwa kwa kutambua magongo. Pell alizitazama zile alama kwa kioo, akapumua polepole. Hajawahi kuona mpigaji wa mji mdogo mwenye jicho kama hilo, alisema. Kisha akafika kwenye ncha, nyeupe, iliyolainika, yenye harufu.

"Nani kalifanyia hivi?"

"Mimi," alisema Orval. "Na mke wa Cletus. Na Cletus mwenyewe ndiye aliyeanza."

"Thamani yake imekwenda, rafiki yangu. Ila ukiacha leo kulilowesha, kilichobaki kitadumu."

"Siwezi. Nimeahidi kabichi kila Oktoba."

Pell alimtazama kama mtu anayetazama mgonjwa, akamrudishia gongo lake.

Oktoba hiyo Orval alitwanga jikoni kwake, Imelda akinyunyiza chumvi. Kabichi ilipoiva waliendesha gari hadi Evansville, wakamkuta Bi Rosina dirishani, kapungua, blanketi mapajani. Walimpakulia pamoja na soseji. Akaonja. Akatafuna kwa muda mrefu, macho kayafumba, na Orval akasimama wima kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani.

"Chumvi imezidi," akasema.

"Ni Imelda," alisema Orval.

"Ni wewe," alisema Imelda. "Ulikuwa unazungumza, hukuhesabu."

Bi Rosina alisukuma sahani mbele aongezewe.