Modesta, fundi cherehani anayewapigia tarumbeta askari wa zamani

Ni Jumamosi asubuhi, Kinole. Ukungu bado umekaa juu ya migomba, na Modesta Lukasi anapasha midomo yake kwa kikombe cha chai ya iliki. Mpiga tarumbeta mwenye midomo baridi, anasema, hutoa sauti ya mbuzi.

Siku nyingine utamkuta barazani Morogoro Mjini, ameinamia cherehani, anashona sare za shule na magauni ya vitenge. Jumamosi si fundi. Ni mmoja wa watu tisa wa Bendi ya Jumamosi: mwalimu, dereva wa bodaboda, muuza nyanya na wenzao, waliokutanishwa na kupenda muziki tu.

"Tulianza kwa kujifurahisha," anasema. "Wengine wanacheza bao, sisi tunapuliza."

Mambo yalibadilika miaka sita iliyopita. Mzee Nasibu, mgambo aliyepigana Vita vya Kagera, alisimama kando ya mazoezi yao akisikiliza mpaka wakanyamaza. Kisha akawaambia kwamba mwenzake aliyekwenda naye vitani anazikwa kesho yake Mkuyuni, na hakuna wa kumpigia tarumbeta.

"Hakulaumu mtu," Modesta anakumbuka. "Alisema tu, 'Wanangu, yule alikuwa askari. Msimwache ashuke kimya kimya.'"

Walikwenda. Tangu hapo, wakiitwa wanachangiana mafuta ya pikapu ya mwalimu, wanapanda milimani, wanapiga, wanakula ugali wa matanga na wafiwa, wanarudi mjini. Hawatozi. Wazee walio hai nao, bendi huwatembelea na kuwapigia nyimbo wanazozipenda, maana, kama asemavyo Modesta, mtu asisubiri kufukiwa ndipo asifiwe.

Lakini katika kuzunguka kote huko, kuna nyumba moja ambayo Modesta hakuwahi kuipelekea bendi. Ni hii ya leo, hapa Kinole, nyumba ya mama yake.

Baba yake, Lukasi, aliondoka na mgambo mwaka 1978, akamwacha mkewe mjamzito. Vita vikaisha, wenzake wakarudi. Yeye hakurudi, wala mwili wake. Mzee Nasibu, aliyefunzwa naye, anachojua ni kwamba waliachana Mutukula, mpakani na Uganda. Lukasi alipanda gari la mbele, na hakumwona tena.

Nyumbani hakuna hata picha. Kila Modesta anapompigia mzee wa watu, humtazama mabega, humtazama mikono, akijiuliza kama baba yake alikuwa hivyo.

"Namkumbuka mtu ambaye sijawahi kumwona," anasema. "Sijui hali hiyo inaitwaje."

Mama yake, Bi Theresia, alikataa katakata kuweka matanga. Ndugu walipomsihi aliwauliza, "Nimzike nani?" Hakuolewa tena. Modesta alipotaka kumhamishia mjini, miguu ilipoanza kumsumbua, alikataa pia. "Akija atanitafutia wapi?"

Kwa hiyo alipotuma ujumbe mwezi uliopita kwamba Modesta aje na watu wake wa tarumbeta, binti hakulala vizuri. Alijua maana yake. Kwa miaka yote hiyo, kungoja kwa mama ndiko kulikombakishia baba.

Sasa bendi imejipanga uani. Mzee Nasibu, aliyekuja nao, anamwendea mwenye nyumba. "Shemeji, umeamkaje?"

"Nimeamka," Bi Theresia anajibu kutoka kwenye kiti chake.

Modesta anainua tarumbeta aanze wimbo wa maziko ya askari. Mama anapunga mkono.

"Huo ngoja kwanza. Nasibu, huko jeshini mtu akiwa mbali alikuwa anaitwaje?"

Mzee anafikiri. "Kulikuwa na wito wa chakula, shemeji. Ukilia huo, hata aliye mtoni anakuja."

"Basi mpigieni huo."

Modesta haujui. Mzee Nasibu anauimba kwa mdomo, taratibu, mara mbili, akishika mdundo kwa fimbo yake. Modesta anageukia bonde na kuupiga. Sauti inashuka kwenye mashamba ya ndizi, inagonga mlima wa pili, inarudi.

Wanasubiri. Wote wanatazama njia inayopanda kutoka bondeni. Hakuna anayepita.

"Hajaja," anasema Bi Theresia.

"Hajaja, mama."

"Haya. Mlaze."

Sauti ya kwanza inamkatikia Modesta. Wenzake wanamngoja. Anaanza upya, na safari hii anaufikisha wimbo mwisho. Bi Theresia anajifunika kanga usoni, na majirani waliosimama uani wanamsikia, kwa mara ya kwanza, akimlilia mumewe.

Baadaye, wanawake wakipakua chakula, Modesta anaeleza anachokusudia. Mwakani anataka kwenda Kaboya, mkoani Kagera, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita vile, asome majina kaburi kwa kaburi.

"Nikilikuta jina lake, nitakaa naye kidogo. Nisipolikuta, nitawapigia wote waliolala pale. Huenda atasikia popote alipo."

Bi Theresia anamgeukia.

"Ukimpata," anasema, "mwambie nilijifungua salama. Mwambie ni mtoto wa kike."