Mkojo wa Dereva

Kila Jumapili saa tatu asubuhi nilimpeleka mdogo wake madam aliyeniajiri kupimwa mkojo. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, aliyewahi kuwa mwalimu kabla ya vidonge kumharibia kazi. Jumuiya moja ya hisani pale Suwaidi, Riyadh, ilimlipia kodi ya nyumba na kumpa yeye, mkewe na watoto wao wawili chakula cha mwezi. Sharti lilikuwa ahudhurie tiba, na kila wiki mkojo wake uonekane safi. Ukichafuka mara moja tu, msaada unakatwa, na yeye anapelekwa kufungiwa wodini Jeddah miezi sita.

Mgonjwa hakuruhusiwa kuja peke yake. Alitakiwa awe na msindikizaji wa kutia sahihi kwamba amefika na amepimwa. Madam alikuwa na shughuli zake, mume wake hakutaka hata kulisikia jambo lenyewe, basi kazi hiyo ikaniangukia mimi, dereva kutoka Kenya.

Sitajipaka mafuta: nilimdharau. Sikunywa pombe, sikuvuta sigara, na Ijumaa nikipata nafasi nilisali na wenzangu chumbani. Nilikaa kwenye viti vya plastiki vya kile kituo nikiwatazama watu wazima waliovaa kanzu safi wakisubiri kupewa vichupa, nikajiona malaika. Yeye aliniita ndugu. Mimi nilimwita bosi, kwa mdomo tu.

Wiki ya kumi na moja alitoka nyumbani shavu limevimba. Tulipofika kituoni hakushuka garini.

"Ndugu, jana nilimeza dawa ya jino," akasema. "Ni kali. Naogopa itaonekana."

"Si umwambie daktari?"

"Kila mtu mle ndani ana jino linalomuuma. Nani ataniamini?" Akanishika mkono. "Wewe hunywi wala huvuti. Nisaidie leo tu. Watoto wangu watatolewa nyumbani."

Ningeweza kukataa. Kilichonifanya nikubali, nakumbuka vizuri, kilikuwa majivuno. Mtu alikuwa ameniangalia na kuona kwamba nilichokuwa nacho mwilini kilikuwa safi kuliko chake. Mhudumu wa chooni alikuwa amekwenda kunywa chai. Niliingia kabla yake, nikajaza kichupa alichopewa, nikakiacha nyuma ya ndoo, naye akaingia akakichukua. Kisha nikatia sahihi.

Jumamosi, siku moja kabla ya hapo, nilikuwa nimerudi kutoka Jeddah. Nilimpeleka mama yake madam na kugeuza siku ile ile, karibu kilomita elfu mbili, na kama kawaida nilimeza vidonge viwili vyeupe nilivyouziwa na dereva mwenzangu wa lori. Tuliviita dawa ya barabara. Madereva wengi niliowajua walivimeza, wanaosali na wasiosali, tukavichukulia sawa na chai ya rangi. Nimejiuliza mara nyingi kama pale chooni nilivisahau. Sikuvisahau. Sikuwahi kuvihesabu kuwa kitu.

Majibu yalikuja Jumatano: mkojo mchafu. Madam alipiga kelele jikoni hadi sauti ikamkauka. Jioni alinituma nikamlete mdogo wake. Siku zote alikaa mbele na mimi. Siku hiyo akakaa nyuma.

"Unameza nini?" akaniuliza.

"Mimi? Hakuna. Dawa ya barabara tu, nikisafiri."

"Nyeupe? Ina alama katikati?"

Nikasema ndiyo.

"Ndiyo hiyo niliyokuwa nikimeza mimi," akasema, akageukia dirishani.

Niliona haya nikatamani gari linimeze. Hofu ilikuja baadaye. Akisema yeye, atafukuzwa kwa udanganyifu, na mimi nitakamatwa, ikama, kile kibali changu cha kuishi, ifutwe, nirudishwe nyumbani baada ya jela. Nikisema mimi, huenda wakamwonea huruma kidogo. Nilikuwa na ile jioni nzima ya kusema. Sikusema.

Siku iliyofuata nilipompitia kwake nimpeleke Jeddah, mkewe alikuwa tayari anafunga magodoro kwa kamba. Alikuwa akienda kwa baba yake, yeye na watoto. Alinishukuru kwa kumsindikiza mume wake wiki zote zile.

 Njiani mumewe alinunua maji mara mbili, na mara zote mbili alininunulia na mimi.

Kule wodini Jeddah walimpima upya kabla ya kumpokea, na safari hii muuguzi aliingia naye. Tulisubiri majibu pale pale. Muuguzi, kijana wa Kihijazi, mwenyeji wa kule, mwenye miwani, akakitazama kile kipimo, akaitazama barua ya Riyadh, akakitazama kipimo tena.

"Huyu hana kitu," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ndiye ulikuwa naye siku ile? Kulikuwa na tatizo lolote wakati wa kupimwa?"

Alikuwa ameshika kalamu. Alikuwa tayari kuandika lolote ambalo ningemwambia, hilo nina hakika nalo. Mdogo wake madam alikuwa akivua mkanda na kutoa simu mfukoni, akiweka vitu kwenye sinia. Hakuinua kichwa.

"Mafi," nikasema. "Hakuna tatizo."

Muuguzi akashusha pumzi, akasema basi barua ni barua, akanisogezea fomu nitie sahihi. Mlango wa ndani ukafunguliwa. Yeye akapita, akasimama, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Riyadh. Nilijua atanitukana, na nilitaka anitukane.

"Usirudi leo," akasema. "Tafuta mahali ulale kwanza."