Eti mimi si muumini kwa sababu simo kwenye kompyuta

Nina miaka sabini na sita. Nimezika mke, kaka wanne na maaskofu wawili, na ngazi bado napanda bila fimbo.

Leo nimefukuzwa shule!

Nilimpeleka mjukuu wangu Neema kuandikishwa shule ya kanisa hapa Washington D.C., Marekani. Ada inalipwa na serikali, lakini wanaotangulia kuchukuliwa ni waumini wa parokia.

Nikasema, basi tumefika.

Karani akabonyeza kompyuta yake. "Jina lako halimo, mzee. Hukujaza fomu ya parokia."

Fomu! Kwetu Moshi padri anakujua kwa jumuiya yako, majirani mnaosali pamoja. Nani anajaza fomu ya kusali?

Padri mwenyewe akapita. "Babu, umeamkaje?" Ananijua vizuri huyo! Halafu naye akasema utaratibu ni utaratibu, Neema asubiri mwakani.

Nikamwambia, "Padri, uliponiita kubeba jeneza, ulitafuta jina langu humo?"



Nyie mngefanyaje? Semeni!

Mkidhani naongeza chumvi, muulizeni Mama Kulwa, yule wa dukani Silver Spring, mji wa jirani. Alikaa pembeni yangu akisikia yote. Kanisani hajaonekana tangu Pasaka, ila fomu alijaza, na pacha wake, Kulwa na Doto, wamepata nafasi wote wawili.