Gari Lililofia Kilimani: Safari ya Fundi kwenda Nyabwere

Kilichonitoa Nyakato, pale Mwanza, Ijumaa ile ni barua ya ukurasa mmoja, iliyoletwa gereji kwangu Jumatano na kondakta wa basi la Musoma. Ilitoka kwa Mzee Mafuru, mwenyekiti wa kamati ya zahanati ya Nyabwere, kijiji cha ufukweni ng'ambo ya Bunda alikozaliwa marehemu mama yangu. Aliandika kwamba gari la zahanati lilizimika kilimani likiwa na mama mjamzito ndani, na vijana walimbeba kwa machela hadi barabara kuu. Mama alipona. Mtoto hakupona. Dereva, kijana aitwaye Magesa, alishukiwa kuuza petroli na kujazia mafuta ya taa. "Wewe ndiye uliyeitengeneza injini ile," mzee aliandika, "kwa hiyo neno lako litatosha. Njoo uthibitishe mbele ya mkutano Jumapili, ili Jumatatu tumkabidhi polisi."

Barua ile niliisoma mara mbili. Kulikuwa na sentensi moja katikati ambayo mzee aliiandika kama jambo dogo tu: kabla ya kuzimika, gari liligonga ndani kama mtu anayepiga nyundo. Fundi yeyote wa injini za petroli anaijua sauti hiyo. Niliikunja barua nikaitia mfukoni, na sikumwambia mtu nilichokuwa nakiwaza.

Lazima nieleze gari lilikuwa gari gani. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, biashara imefunguliwa, na magari yaliyotumika Japani yalikuwa yakiingia kwa wingi kupitia Dubai. Wana wa Nyabwere tuishio Mwanza tulichanga tukapata moja, jeupe, refu, lenye nafasi ya kulaza mgonjwa nyuma. Tulilipenda kwa sababu lilikuwa na turbo. Hatukujiuliza turbo inataka kula nini.

Lilifika likiwa limechemka, silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepinda. Niliipeleka kwa mwenye mashine ya kuchonga vyuma pale pale Nyakato, akaikwangua hadi ikanyooka, na kwa jinsi ilivyopinda ilibidi akwangue sana. Gasketi yake, ile ya kuziba kati ya hedi na injini, sikuipata, nikaweka ya injini ndugu yake isiyo na turbo, nyembamba kidogo. Ikakaa vizuri, sikuona ubaya. Halafu Mzee Mafuru akaniomba nguvu zaidi, kwa ajili ya kilima. Nami, kwa kiburi cha mtu anayesifiwa, nikafupisha kijiti kinachofungua mlango wa kupunguza upepo, ili turbo isukume hewa zaidi kuliko ilivyotoka kiwandani. Siku ya majaribio nililijaza super, petroli bora ya mjini. Liliruka hadi Kisesa na kurudi, na wenzangu gereji wakapiga makofi.

Alhamisi nilizunguka maduka ya vipuri hadi nikaipata gasketi halisi, nene, katika kiduka cha Mabatini. Mwenye duka aliniuliza gari linaumwa nini. Nikamwambia nitajua nikifika. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Ijumaa alfajiri nilipanda basi na sanduku la spana kati ya miguu. Kisesa, Magu, Lamadi. Ziwa lilijitokeza upande wa kushoto na kupotea, likajitokeza tena, na mashamba ya pamba yalikuwa yamechumwa nusu. Njia nzima nilijadiliana na nafsi yangu. Petroli ya vijijini ni mbaya, kila mtu anajua. Madereva huchanganya mafuta ya taa kwa sababu ni rahisi, kila mtu anajua. Kama ni kweli Magesa alichanganya, basi kosa ni lake, nami natengeneza tu na kurudi. Nilijikuta naomba, Mungu anisamehe, kwamba kijana yule awe mwizi.

Bunda nilishuka saa sita mchana. Hakukuwa na usafiri wa kwenda ziwani isipokuwa lori la barafu lililokuwa likifuata sangara kwenye mialo, zile bandari ndogo za wavuvi, na dereva wake alinipakia mbele. Tulipofika kwenye kilima aliweka gia ya kwanza na kusema, "Hapa ndipo gari la zahanati lilipokufa. Jamaa aliuza petroli ya wagonjwa, unaona? Mwaloni hawamsalimii tena." Mimi nilitazama nje. Kilima ni cha mawe makubwa, barabara inapita katikati yake kwa kona tatu kali, na juu kabisa niliona doa jeusi la oili kwenye changarawe.

Nyabwere niliingia saa tisa. Gari lilikuwa limevutwa kwa ng'ombe hadi uani mwa zahanati, na Magesa mwenyewe alikuwa amesimama kando yake. Ni kijana mrefu, wa miaka thelathini hivi, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi kama la mtu anayekwenda kazini.

"Shikamoo, kaka," alisema.

"Marahaba. Habari za hapa?"

"Habari ndiyo hiyo unayoiona." Kisha akaniambia moja kwa moja, "Fundi, mimi sikuweka mafuta ya taa. Siku ile tangi lilikuwa karibu tupu, na kituo cha njia panda hakikuwa na petroli wiki ile. Nikaenda mwaloni, wakanipa lita tano za kwenye pipa lao, ile ya mashine za mitumbwi. Mama alikuwa analia. Ningefanya nini?"

Petroli ya mashine za mitumbwi huchanganywa na oili kabisa kabla ya kutumika, maana mashine zile hupata ulainisho wake humo humo. Nilimwamini palepale. Nilipaswa kumwambia palepale pia. Nilichosema ni, "Tutaangalia."

Jumamosi asubuhi tuliifungua injini, mimi na Magesa, maana hakuna kijana mwingine pale aliyetaka kufanya naye kazi. Alishika spana vizuri. Silinda hedi ilipotoka, mambo yalikuwa wazi. Gasketi ilikuwa imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, na kingo za pistoni zilikuwa na vishimo vishimo kama mahindi yaliyoliwa na dudu.

Saa nne nilimwendea Perpetua, muuguzi mkuu wa zahanati, mwanamke mnene asiye na maneno mengi, nikamwomba bomba kubwa la sindano.

"Unataka kuichoma injini?" aliuliza akicheka. Ndicho kicheko pekee nilichokisikia Nyabwere.

Nililitaka kwa kupimia. Injini ya petroli hunyonya hewa yenye petroli, ikaibana kwenye nafasi ndogo juu ya pistoni, halafu plagi ikaiwasha. Kadiri nafasi ile inavyokuwa ndogo ndivyo mbano unavyokuwa mkubwa, na kukwangua hedi au kuweka gasketi nyembamba huipunguza. Turbo nayo ni feni inayozungushwa na moshi wa egzosi, kazi yake kushindilia hewa nyingi zaidi katika nafasi ile ile. Petroli ina uvumilivu wake, unaopimwa kwa namba iitwayo okteni. Ukiibana na kuishindilia kupita uvumilivu huo, sehemu yake inajilipukia yenyewe nje ya wakati, na mlipuko huo ndio ule mlio wa nyundo. Kwa hiyo mbano, upepo na okteni hugawana mzigo mmoja. Ukiongeza viwili vya kwanza, cha tatu lazima kipande. Petroli ya kawaida ya huku iko chini kuliko super ya mjini, na ukiitia oili inashuka tena.

Niliweka kioo juu ya chumba cha silinda hedi, nikakijaza chumba oili kwa bomba la sindano kupitia tundu dogo la kioo, sentimita moja moja ya ujazo, Perpetua akihesabu. Nikapima na bakuli la kichwa cha pistoni, nikaongeza unene wa gasketi iliyoungua. Silinda yenyewe ilikuwa ya sentimita za ujazo mia tano. Nafasi ya juu ilipaswa kubaki sitini na saba. Nilipata hamsini na nane. Injini iliyotoka Japani ikibana mara nane na nusu ilikuwa, baada ya kupita mikononi mwangu, ikibana zaidi ya mara tisa na nusu, na turbo imefunguliwa juu yake.

Perpetua alitazama karatasi yangu. "Hizo hesabu zinasema nini?"

"Nitasema kesho," nilijibu.

Magesa alikuwa ameinama anafuta boliti. Hakuinua kichwa.

Mchana ule nilifunga gasketi nene, nikakirudisha kijiti cha turbo mahali pake na kukilegeza zaidi, na nikachelewesha cheche kidogo. Hata hivyo nafasi iliyokwanguliwa hairudi yote. Gari lingekuwa zito kupanda kuliko lilivyotoka kiwandani, lakini lingevumilia petroli ya hapa. Pistoni zilikuwa na makovu ila zilishika. Jioni liliwaka.

Jumapili baada ya ibada watu walikaa kwenye mabenchi ya zahanati, wengine wakasimama hadi uani. Mzee Mafuru aliweka mezani chupa ya soda yenye petroli iliyotolewa kwenye tangi. Magesa alikaa peke yake kwenye benchi la watu sita. Mstari wa mbele alikaa Tabitha, yule mama, amejifunika kanga mpaka mabegani, mikono yake haina kitu cha kushika.

"Fundi wetu huyu hapa," alisema mzee. "Fundi, tuambie. Hii ni petroli safi?"

Nilidondosha matone kwenye karatasi. Petroli ilikauka, likabaki doa la mafuta. Watu wakaguna. Mtu mmoja nyuma akasema, "Si mnaona!" Ningenyamaza hapo tu, bila kusema uongo wowote, ingekuwa imekwisha.

"Si safi," nilisema. "Ina oili ya mashine za mitumbwi, kama Magesa alivyowaambia. Mafuta ya taa sidhani kama yamo. Lakini petroli hii haikuua injini peke yake." Nikawageukia watu. "Injini niliikwangua kupita kiasi. Nikaweka gasketi isiyo yake. Nikaongeza upepo wa turbo ili lipande kilima kwa mbwembwe. Nilitengeneza gari la kunywa petroli ya mjini, nikawaletea ninyi huku, na sikuuliza mnanunua wapi petroli. Kama ningeliacha lilivyotoka kiwandani, siku ile lingegonga kidogo, lingetoa moshi, lingepanda polepole. Naamini lingefika. Kosa ni langu."

Mzee Mafuru alivua miwani, akaivaa tena. "Fundi," alisema taratibu, "mimi ndiye niliyekuomba nguvu."

"Uliomba, mzee. Aliyepaswa kukukatalia ni mimi."

Kisha Tabitha akaniangalia. Hakulia, wala hakunilaani. Aliniuliza jambo moja.

"Mwenzangu akishikwa na uchungu leo, gari litapanda?"

"Litapanda, mama. Polepole, lakini litapanda."

"Haya," alisema, akainuka akaondoka, na wanawake wawili wakamfuata. Nilitamani angenitukana. Nilisimama pale nikiwa na karatasi yenye doa mkononi, na machozi yalinitoka mbele ya watu wote, mtu mzima mwenye watoto wanne.

Jumatatu asubuhi Magesa hakuja kunishukuru. Alikuja kuniambia kwamba waliokuwa mkutanoni ni wachache, na jina lake lilikuwa limechafuliwa zaidi mwaloni. Tukaenda. Pale, kando ya mizani ya samaki, wavuvi wakipakua sangara, nikayarudia yote tena kwa sauti. Mzee mmoja mwenye pipa la petroli alinikatiza.

"Fundi, kwa nini usiseme tu petroli ilikuwa mbaya? Si ilikuwa mbaya kweli?"

"Ilikuwa hivyo hivyo kabla sijaja," nilimjibu. "Mimi ndiye niliyepaswa kuijua."

Akamgeukia Magesa. "Haya, bwana mkubwa," akamwambia, akampa mkono. Wengine wakafuata mmoja mmoja, wakimsalimia kana kwamba ametoka safari.

Saa tatu Magesa alinipeleka barabara kuu kwa lile gari. Kilimani alipanda kwa gia ya pili, mguu mwepesi, masikio yetu yote mawili yakiwa kwenye injini. Haikugonga. Tulipofika njia panda alizima, akabaki ameshika usukani.

"Fundi, ulijua lini?"

Ningeweza kusema Jumamosi, baada ya kupima. Ushahidi niliupata siku hiyo. "Jumatano," nilisema. "Nilipoisoma barua."

Alihesabu kwa vidole, Jumatano mpaka Jumapili. "Siku hizo zote mke wangu alikuwa anachota maji usiku," alisema, "asikutane na watu." Akaniteremshia sanduku langu la spana, akaliweka chini taratibu, akageuza gari.

Nilirudi Nyakato jioni ile. Tangu hapo sifungui boneti ya gari lenye turbo kabla ya kumuuliza mwenyewe ananunua petroli wapi, na injini inayokwenda vijijini siiongezei upepo hata nikibembelezwa. Hayo nimejifunza, na yeyote anaweza kujifunza. Lililo gumu zaidi ni hili, kwamba gari nililolishika likirudi bovu, naanza kwa kutaja nilichokifanya mimi, kabla sijagusa spana. Wateja wengine wamenikimbia kwa sababu hiyo. Magesa bado ni dereva wa zahanati, na ameshaniletea gari mara mbili. Kila mara husimama pembeni, funguo mkononi, akanisikiliza hadi nimalize kusema, halafu ndipo ananipa.