Kinundu cha Kuku wa Mama

Kwa miaka thelathini na mmoja fundi wa maabara ya shule alichemsha mifupa, akaisugua kwa mswaki na kuiunga kwa waya mwembamba, mpaka wanafunzi wakambandika jina la Baba Mifupa. Mkewe naye alilitumia, hasa siku za ugomvi.

Zikiwa zimebaki wiki mbili astaafu, kuku wa mkewe akafa kwa uzee. Kuku mwenyewe alikuwa na kisirani, anadonoa wageni na kulala jikoni kana kwamba nyumba ni yake. Baba Mifupa akaona kazi yake ya mwisho hiyo hapo: kiunzi kamili cha mifupa ya kuku, kikae kwenye kabati la vioo la maabara hata yeye akishaondoka. Alimbembeleza mkewe siku nzima.

"Mchukue," mkewe alisema mwishowe, macho mekundu. "Ila asipungue hata mfupa mmoja. Akipungua namrudisha nyumbani namzika, na kabati lako libaki tupu."

Kazi ilikwenda vizuri mpaka akafika kwenye kile kifupa cha kifuani chenye umbo la panda ya manati. Ni mitulinga miwili ya ndege, mifupa ya mbele ya mabega, iliyoungana, nayo hujipinda na kujirudisha kila mabawa yanapopiga. Cha kuku huyu kilikuwa na kinundu kibaya upande mmoja. Wanafunzi wangedhani kuku wote wako hivyo. Basi akaomba kingine kwa mpishi wa shule, kizuri, laini, akakifunga mahali pake. Kile chenye kinundu alikitia kwenye mkebe wa miwani, maana hajapata kutupa mfupa maishani. Alijiambia idadi haijapungua, na hapo hapo akajua anajidanganya.

Ijumaa mkewe akaja kuona. Aliinama, akapitisha kidole kifuani pa kuku. Kidole kikaenda, kikarudi.

"Baba Mifupa, huyu si wangu."

"Ni yeye, mama."

"Alipokuwa mdogo alibanwa na mlango. Nilimfunga kitambaa wiki tatu, nikimlisha kwa kijiko. Pakaota kinundu. Kila nikimbeba nilikuwa nakipapasa. Kiko wapi?"

Baba Mifupa alitahayari hadi masikioni. Alifungua mkebe wa miwani, akakata waya, akaanza kukirudisha. Mkewe akamshikia kifupa huku yeye akifunga.

"Nisamehe. Nilidhani kimeharibika."

"Kilipona," mkewe akasema.

Baba Mifupa alipomaliza alichukua kalamu, akaandika kwenye kibao cha maelezo: *Kuku jike. Mtulinga wa kulia ulivunjika, ukapona.* Kisha akakumbuka jambo.

"Kitambaa ulitoa wapi?"

"Shati lako jeupe."

"Lile nililomgombezea dobi mwezi mzima?"

"Ndilo." Mkewe aligusa kibao kwa kidole. "Na hilo liandike."

Baba Mifupa akavaa miwani yake, akaliandika.