Mwalimu wa Fidla na Mtani Wake

Kisarawe nzima ilimwita Mwalimu, na wala hakuwahi kushika chaki. Mwinyijuma bin Shomari alikuwa akifundisha fidla barazani kwake, mwanafunzi mmoja mmoja, na ukali wake, wallahi, usiombe yakukute. Mtoto wa karani wa boma alichapwa vidole kwa upinde wa fidla. Bi Sikudhani, mwenye wajukuu tele, alikuja kujifunza baada ya kufiwa na mumewe, naye hakusalimika. "Bibi, hiyo ni fidla au unakuna nazi?" Bi Sikudhani akicheka mpaka ushungi unamdondoka.

Kila Alhamisi Mwalimu alipanda treni Pugu akashuka Soga, kuwafundisha wafanyakazi wa reli. Huko ndiko alikompata Kitwana, Mnyamwezi, mtu mzima mwenye viganja vya kushikia nyundo, aliyetaka kwa kila hali kupiga fidla. Mnyamwezi na Mzaramo kama Mwalimu ni watani, hilo halina mjadala. Kitwana angeweza kumwita Mwalimu kinyago mbele za watu, na Mwalimu hana ruhusa ya kukasirika.

Lakini nguzo ya darasa lile alikuwa Mwanaamina, mke wa Mwalimu. Fidla hakuishika hata siku moja, ila sikio alikuwa nalo! Yuko ndani anapepeta mchele, mwanafunzi akikosea huko barazani, utamsikia: "Siyo hiyo." Basi, imetosha. Akikosea Mwalimu mwenyewe: "Siyo hiyo, baba Mwamini." Wameishi hivyo tangu ujana wao.

Alikufa kwa homa ya ghafla. Mchana alikuwa akizungumza, magharibi hayupo. Mwinyijuma hakulia. Alipigwa na butwaa, macho makavu, anamtazama kila mtu kama ndiyo kwanza anamwona. Asubuhi yake wanafunzi walipokuja kumpa pole, aliwaambia waziwazi:

"Darasa limefungwa. Fidla sishiki tena mpaka naingia kaburini. Mimi na Mwanaamina tumemaliza pamoja."

"Baba, usiseme hivyo," binti yake Mwamini alimshika mkono. Alimjua baba yake. Bila fidla angekaa kwenye mkeka ule ule, asile, asinywe, na mvua za masika zisingemkuta.

Kumbe kosa limeshafanyika. Kitwana alikuwa amefika na treni kutoka Soga, kasimama mlangoni, na kila neno kalisikia. Sasa wewe, maneno kama yale unayasemaje mbele ya mtani?

Kitwana alianza vituko vyake vya msibani kama ilivyo ada. Kajifunga kanga ya marehemu kiunoni, kalikalia sufuria la wali, kadai Wazaramo wanakufa ovyo kwa uvivu. Wanawake wakacheka katikati ya kilio. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na hakuna aliyeshangaa.

Alasiri wanaume wakabeba jeneza. Kufika makaburini, loo! Kitwana yumo kaburini, kaketi kitako, na ile kanga kiunoni.

"Hapaziki mtu hapa mpaka nimalize shughuli yangu!"

Watu wakatabasamu, wakaanza kupapasa mifuko wamtafutie chochote atoke. Ndipo akafunua kitu kilichokuwa ubavuni pake, na vicheko vikakatika. Ilikuwa fidla ya Mwalimu, imezungushiwa bafta nyeupe, imefungwa juu na chini kama maiti.

"Huyu naye kafa leo," alisema Kitwana. "Mwenyewe kasema, nyote mmesikia. Namlaza humu kwenye mwanandani, pamoja na mama."

"Astaghafirullahi!" Shekhe alitetemeka ndevu. "Toka humo! Hili kaburi la Muislamu!"

Mtani hajui shekhe. Kitwana akaisukuma fidla ndani ya mwanandani, lile shimo la ubavuni la kulazia maiti, akachota mchanga kwa viganja vyote viwili, akaumwaga. Punje zikalia kwenye nyuzi, kila mtu akazisikia.

Jinsi Mwinyijuma alivyofika chini hakuweza kueleza mpaka mwisho wa maisha yake. Waliokuwepo walimwona akiruka, kanzu ikimpepea, akimpiga Kitwana kikumbo hadi ukutani. Akaichomoa fidla, akayakata mafundo kwa meno, akaipuliza mchanga. Kisha, Mungu wangu, akaiweka sikioni akaanza kuijaribu uzi mmoja mmoja, mle mle ndani ya kaburi la mkewe, na jeneza liko juu linamsubiri!

Jambo kama lile Kisarawe haijapata kuliona.

Ndipo Mwinyijuma akajisikia mwenyewe. Akainua macho, akaliona jeneza, aibu ikamchoma kifua kizima. "Mwanaamina," alisema. "Mwanaamina wangu, nisamehe." Na kilio kilichokuwa kimemganda tangu jana kikamtoka kwa sauti, kilio cha mtu mzima, wazee wakageuza nyuso.

Kitwana alipanda juu bila kudai kitu. Naye alikuwa akilia.

"Umenidhalilisha, Kitwana," alisema Mwinyijuma kutoka chini. "Mbele ya mke wangu."

"Ndiyo, Mwalimu."

Shuka likatandazwa juu ya kaburi, jeneza likasogezwa. Mume ndiye wa kumpokea mkewe, na Mwinyijuma alikuwa bado ameikumbatia fidla kwa mikono yote miwili. Wazee watatu walimnyooshea mikono, wamshikie. Aliwapita kwa macho. Akaiinua kwa Kitwana.

"Shika shingoni, siyo tumboni!" alifoka, machozi yakimtiririka. "Na usithubutu kuiweka chini."

Kisha akafungua mikono, akampokea mkewe.