Kizimba cha Mitungi

Siku zile ukitaka kusukwa Mkolani, ulielekezwa kwa Modesta. Hakuwa na saluni ya vioo wala jina ukutani. Alikuwa na kigoda, kitana na vidole vyake. Msuko wake wa twende kilioni ulikuwa mwembamba na umenyooka kiasi kwamba walimu wa kike walitoka Nyegezi kuufuata, na kichwa hakikuuma. Kwa vidole hivyo alimlipia mama yake matibabu kule Magu, akamsomesha mdogo wake Selina mpaka akawa muuguzi. Alikuwa mwepesi wa utani, na mteja aliyekuja amenuna aliondoka anacheka.

Alipanga chumba kwa Mzee Rugambwa, afisa misitu mstaafu kutoka Bukoba, mtu wa heshima zake na mzee wa kanisa. Mzee alipiga marufuku mkaa nyumbani kwake, eti masizi yanamharibia rangi ya ukuta. Sawa, wapangaji wakanunua mitungi ya gesi. Mtungi wa kwanza ulipoibiwa, mzee akaita fundi wa kuchomelea, akajengewa kizimba cha nondo nyuma ya jiko la pamoja. Mitungi yote ikaingizwa humo na mipira ikapenyezwa ukutani mpaka kwenye majiko. Kufuli moja, ufunguo mmoja, naye ndiye aliyeutunza. Tangu hapo koki za mitungi zilibaki wazi usiku na mchana, watu wakawa wanazima kwenye jiko tu. Na wapangaji walimshukuru. Nyumba za kupanga zimetufundisha kuogopa mwizi kuliko moto.

Panya walilipenda lile tundu la ukutani. Modesta alipoona mpira wake umetafunwa, alikwenda kubisha hodi kwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Panya wamekula mpira wangu wa gesi. Naomba ufunguo nifunge mtungi, nikanunue mwingine."

"Gesi si kitu cha kugusagusa, mwanangu. Nitaleta fundi."

Fundi hakuja. Modesta alikumbusha tena, akaambiwa ana papara. Hapo ndipo damu yangu inapochemka. Hata angeacha kupika, angefanya nini na koki iliyo wazi ndani ya nondo? Ukishafungia kitu cha mtu kwa kufuli lako, usimwambie tena kwamba hatari yake ni ya kwake.

Ikafika Jumamosi ya usafi. Mzee alikuwa msibani Nyamagana, ufunguo mfukoni. Modesta alikuwa anafua uani aliposikia harufu kali ya gesi, akaona jirani ng'ambo ya ukuta ameshawasha takataka. Alipiga kelele jirani azime moto, kisha akakimbilia kwenye kizimba. Aliingiza mkono wa kulia katikati ya nondo, akaishika koki na kuanza kuizungusha. Moto ulimkuta hapo. Mpangaji mwenzake, Queen, aliyemfunika kwa blanketi lililoloa, anasema Modesta hakuutoa mkono mpaka koki ilipofunga. Nyumba haikuungua. Ndani yake walikuwamo watoto wa Queen, wamelala.

Mkono ulipona jinsi mikono ya namna hiyo inavyopona. Vidole vilijikunja, gumba likagandana na kiganja, na wateja wakatafuta msusi mwingine, kwanza kwa aibu, baadaye bila aibu. Hilo Modesta angelimeza. Lililomkaba ni maneno ya mzee, kanisani na barabarani, kwamba wanawake wa siku hizi wanasahau kuzima majiko, na kwamba tumshukuru Mungu hakufa mtu. Watu wakayaamini, maana yametoka kwa mzee. Modesta akataka kitu kimoja tu: mzee aseme mbele ya watu kwamba mtungi ulikuwa chini ya kufuli lake.

Wakakutanishwa kwa mwenyekiti wa mtaa, Bwana Shimba. Wapangaji walikaa kwenye benchi, macho chini.

"Mzee, siku ile ufunguo ulikuwa wapi?" Shimba aliuliza.

"Mfukoni mwangu. Nilikuwa natunza mali zao."

"Na mpira, uliambiwa?"

"Nimeambiwa mengi, mwenyekiti. Wapangaji hawaishi kulalamika."

Modesta alimtazama Queen, aliyekuwapo alipomkumbusha mzee. Queen alivuta kanga yake mabegani. Kodi yake ilikuwa inaisha mwezi huo na alikuwa na watoto. Simlaumu sana, ila namlaumu.

Shimba akakohoa. Akasema mzee ni mzee, ajali ni ajali, na watu wanaoishi ua mmoja hawapelekani mbali. Wapeane mkono, yaishe. Benchi zima likaitikia kwa pumzi, kama waliotua mzigo.

Mzee Rugambwa aliinuka kwanza, akanyoosha mkono. Modesta naye akanyoosha wa kulia, maana hakulelewa kumpa mzee wa kushoto. Mzee aliutazama. Vidole vyake vikasogea mbele, vikapita kiganja, vikamshika kwenye kifundo cha mkono, jinsi unavyomsalimia mtu uliyemkuta anakula.

"Mzee," Modesta alisema, "mkono wangu si mchafu. Umeungua."

"Najua, mwanangu," alijibu, akiwa bado ameshika kifundo. Shimba akasema basi, yamekwisha.